FUNDI AONDOKAPO KAZINI

Iko kesi moja ya Marekani ambayo twaona yafaa kila mfanyakazi aifahamu. Sergey Aleynikov alikuwa fundi wa programu za kompyuta katika benki ya Goldman Sachs mjini New York. Programu hizo hununua na kuuza hisa kwa kasi isiyowezwa na binadamu. Mwaka 2009 kampuni ya Chicago ilimwahidi zaidi ya dola 1,000,000 kwa mwaka, naye akaaga. Siku yake ya mwisho kazini alinakili mistari zaidi ya 500,000 ya programu za benki na kuipeleka katika kompyuta iliyokuwa Ujerumani. Julai 3 akakamatwa kiwanja cha ndege.

Hatusemi kuwa alitenda vyema. Alikuwa ameahidi kutunza siri za tajiri wake, na avunjaye ahadi aweza kudaiwa fidia. Lakini kudai fidia ni jambo moja, na kumtia mtu pingu ni jambo jingine. Mwaka 2011 alihukumiwa kifungo cha miezi 97. Baada ya kukaa gerezani karibu mwaka mmoja, mahakama ya rufani ilimwachilia Februari 2012, ikaeleza kuwa sheria alizoshtakiwa kwazo hazikukihusu kitendo chake.

Je, mambo yakaishia hapo? La! Agosti mwaka ule ule alishtakiwa upya, safari hii kwa sheria za jimbo la New York, kwa kitendo kile kile. Desemba Bunge la Marekani likaipanua sheria iliyoshindwa. Kesi ya pili haikwisha hata mwaka 2018, mahakama ya juu ya jimbo ilipothibitisha kosa moja. Miaka tisa ya maisha ya mtu!

Twauliza: mfanyakazi aliyedhulumiwa mshahara wake huambiwa aende akadai, mbona tajiri aliyenakiliwa karatasi zake hupewa askari, waendesha mashtaka na magereza ya dola?

Maandishi ya kazi ni ya tajiri. Ujuzi ulio kichwani na mikononi ni wa mfanyakazi, naye ana haki ya kwenda nao apendako. Vyama vya wafanyakazi havina budi kudai mpaka huo uandikwe wazi katika kila mkataba, kabla ya kutia saini. Wahenga walisema mnyonge hana haki. Wajibu wetu ni kuhakikisha kuwa usemi huo hauwi sheria.