Nani kawaambia mtoto anasubiriwa?

Jumanne nilimsindikiza mpangaji mwenzangu kwenda kumwandikisha mwanawe chekechea. Mtoto ana miaka minne. Alikaa sakafuni akizungusha tairi la kigari chake huku mwalimu mkuu akimuuliza jina. Kimya. Akamuuliza tena, safari hii kwa kufoka. Mtoto akaziba masikio. "Mama, rudi naye nyumbani. Akishaongea, mlete." Fomu ilisukumwa upande wetu wa meza, hela ya fomu ilibaki upande wao.

Shule inayomfukuza mtoto kwa sababu haongei imemnyima mahali ambapo angesikia wenzake wakiongea kutwa nzima. Hilo ni kosa, na sitalipamba.

Kwenye daladala, mama mmoja alimchungulia mtoto mdomoni, akatangaza kuwa ana udata, akakatwe. Mwingine akasema wa kiume huchelewa. Tulipofika nyumbani tukamkuta Mzee Subiri kibarazani.  Huyu ndiye aliyewahi kutaka tuliache bomba lililopasuka mpaka wenye nalo walione wenyewe. "Hata mimi nilichelewa kusema, mwanangu. Subiri tu." Mama wa mtoto akainamisha kichwa. Nilimjibu mzee kwa ukali mbele za watu, na sitamwomba radhi. Neno hilo mama ameshaambiwa na mkwewe na mashoga zake, tangu mtoto hajatimiza miaka miwili. Muda wote huo mtoto angekuwa anafundishwa.

Alhamisi tukaenda kitengo cha utengamao. Wakaagiza kwanza apimwe masikio, maana mtoto asiyesikia vizuri hawezi kuiga sauti. Kisha mtaalamu wa tiba ya usemi akaketi naye mkekani, kikombe cha uji mkononi. Akampa funda moja, akakishusha, akamtazama usoni, akangoja. Mtoto akanyoosha mkono. "Uji?" akasema yule dada taratibu, akangoja tena. Mama yake alitaka kumsaidia, akaashiriwa anyamaze. Mtoto akatoa sauti: "U." Akapewa uji papo hapo. Wakarudia hivyo hivyo mpaka kikombe kikaisha. Kazi ya nyumbani aliyopewa mama ni hiyo hiyo: asimpe kila kitu kabla mtoto hajaomba, na simu izimwe wakati wa kula.

Pembeni, mtoa tiba kwa vitendo alikuwa na binti mwenye mtindio wa ubongo. Mpini wa kijiko ulikuwa umezungushiwa kipande cha kanga uwe mnene, vidole vipate pa kushika. Alimkalisha wima, miguu ikakanyaga chini, kidevu kikainama kidogo, kisha akamwonyesha bibi yake namna ya kumlisha. Bibi alikuwa amezoea kumlaza chali na kummiminia. Akaelezwa kuwa chakula kikimpalia mtoto hivyo huweza kuingia mapafuni na kuleta nimonia. Yule bibi alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama ndicho kifua alichokuwa akikitibu kila mwezi.

Mtu asiniambie tena kwamba tiba hizi ni michezo ya wenye pesa. Kupanga maharage kwa vidole viwili, kubana vibanio vya nguo na kufunga vifungo ndiko kunakoupa mkono nguvu ya kushika penseli. Mtaani kwetu hatukosi mchango wa harusi, kadi ikija tunatoa. Nauli ya kumpeleka mtoto kliniki mara moja kwa wiki tunaiita gharama.

Serikali nayo isikae pembeni. Mtoto wa Tanzania huletwa kliniki kuchanjwa surua na rubella akiwa na miezi 9, kisha miezi 18. Miezi 18 ndiyo umri wa kuuliza: anageuka akiitwa? Ananyooshea kidole anachokitaka? Ana maneno hata machache? Mwenzangu alimpeleka wake akiwa na umri huo. Mtoto akapimwa uzito, akachomwa sindano, kadi ikajazwa, wakarudi nyumbani. Mama hakuulizwa lolote. Wataalamu ni wachache, sibishi. Tiba kwa vitendo hufundishwa KCMC, Moshi. Tiba ya usemi, Makerere walianza shahada yake mwaka 2008. Basi wanaohitimu waajiriwe hospitali za wilaya, mama wa Nachingwea asilazimike kuifuata huduma Dar es Salaam. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imeshatambua haki ya utengamao na haki ya elimu. Walimu wakuu waisome.

Na wewe mama mwenye mtoto wa mwaka mmoja na nusu asiyegeuka akiitwa, asiyenyoosha kidole, asiye na neno hata moja: nenda kituo cha afya wiki hii. Sema unataka apimwe masikio na upewe rufaa ya utengamao. Wakikuambia usubiri, usiondoke mpaka wakuandikie rufaa.