MAONI YETU: KINGA ILIYO MKONONI MWA MWANAMKE



Reli haikufika Lafey hata leo, lakini mshahara wa reli hufika. Miongoni mwetu wamo walioacha wake vijana huko Mandera, karibu na mpaka wa Somalia, nao hurudi kwa likizo tu. Miezi yote hiyo mume hulala Nairobi au Mombasa, na yanayotendeka katika vyumba vya kupanga twayajua. Akirudi, ni mke yupi atakayethubutu kumwambia avae mpira? Ataonekana amemshitaki mbele ya ukoo.

Kwa hiyo twafurahi kwamba siku hizi ziko kinga anazozishika mwanamke mwenyewe. Iko kondomu ya kike. Viko vidonge vya kila siku vya kuzuia virusi vya Ukimwi, ambavyo Serikali ya Kenya ilianza kuvieneza mwaka 2017. Iko pete laini inayovaliwa ndani ya uke. Na iko sindano ya mara mbili kwa mwaka, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani Julai 2025.

Lakini dawa iliyo mkononi haijawa dawa mwilini. Kuanzia 2009 hadi 2011 vidonge vilijaribiwa kwa wanawake wa Bondo, Arusha na Afrika Kusini. Wengi walisema wanameza. Damu ilipopimwa, waliokuwa na dawa hawakufika nusu. Wengine hawakujiona wamo hatarini, wengine waliogopa kudhaniwa wagonjwa. Baadaye wanawake vijana wa Kisumu walionyeshwa vidonge, pete na sindano, na wengi wakapendelea sindano. Sindano haina kopo la kuficha chini ya godoro.

Basi tusiwalaumu akina dada. Wanaowafanya wafiche kopo ni sisi, tunaomwita malaya mke aliyemwuliza mwuguzi habari ya kinga. Ni kweli Lafey ugonjwa ni mchache kuliko Kisumu, na twamshukuru Mungu. Lakini asiupeleke mwanachama wetu.

Tena tukumbuke: vidonge, pete na sindano hiyo havizuii kaswende wala kisonono. Hapo kinga ni mpira, wa kiume au wa kike.

Garimoshi haliondoki stesheni kabla breki hazijapimwa, wala dereva hasemi ametukanwa. Mume naye na apimwe kabla ya likizo, na mkewe akiuliza, ajibiwe kwa heshima.