Mwanao anajua bangi ni mbaya, je, anajua kukataa?

Muulize kijana wa kidato cha pili madhara ya bangi, huenda akakujibu vizuri kuliko wewe. Atakutajia kuchanganyikiwa akili, kushuka kimasomo na kuishia jela. Ameyasikia darasani, kwenye nyumba za ibada na kwenye maadhimisho ya kupiga vita dawa za kulevya yanayofanyika kila Juni 26. Ndiyo maana mzazi anayegundua kuwa mwanaye anavuta hubaki akijiuliza: “Si tulimwambia?”

Ni kweli mlimwambia. Lakini kujua jambo ni baya ni kitu kimoja, na kulikataa mbele ya rafiki anayekuangalia usoni ni kitu kingine.

Marekani walijifunza hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1983 jijini Los Angeles ulianzishwa mpango wa D.A.R.E., ambao ulipeleka askari polisi madarasani kuwaonya wanafunzi. Ulienea nchi nzima, lakini tathmini zilizofanyika miaka ya 1990 zilionyesha kuwa waliopitia mpango huo hawakutofautiana sana na wenzao katika matumizi ya dawa. Mwanasaikolojia Gilbert Botvin wa Chuo Kikuu cha Cornell alipita njia nyingine. Aliwafundisha wanafunzi stadi za maisha: kukataa bila kugombana, kutuliza wasiwasi, kufanya uamuzi na kutambua kuwa si kweli kwamba “kila mtu anatumia”. Waliopata mafunzo hayo kikamilifu walivuta sigara na bangi na kulewa pombe kwa kiwango kidogo kuliko wenzao.

Kwa nini rafiki ana nguvu hivyo?

Sehemu ya ubongo inayopima matokeo na kuzuia pupa huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Mwaka 2005 watafiti Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwapa vijana na watu wazima mchezo wa kompyuta wa kuendesha gari. Vijana walipocheza huku wenzao wakiwatazama, walithubutu hatari zaidi kuliko walipokuwa peke yao. Watu wazima hawakubadilika sana. Kwa hiyo kijana wako mtulivu akiwa sebuleni anaweza kuwa mtu mwingine akiwa kijiweni, wala si kwamba anakuigizia.

Hapa tujitazame wazazi. Wengi wetu humsifu mtoto kwa kuwa “hana neno”, kila anachoambiwa anafanya. Akitoa hoja, tunamwambia anajibizana na wakubwa. Mtoto huyo akikutana na kaka wa mtaani anayemnunulia chipsi kisha akampa msokoto, atatoa wapi mdomo wa kukataa? Heshima ni jambo jema, lakini mtoto ambaye hajawahi kuruhusiwa kusema “hapana” nyumbani hawezi kuanza kuisema huko nje.

Usidhani pia kwamba mchangamfu mwenye marafiki wengi yuko salama. Huyo huenda akapewa zaidi, tena ana hofu kubwa ya kupoteza kundi lake. Stadi tunayoizungumzia ni ya kubaki na marafiki bila kufanya kila wanachofanya.

Anzia nyumbani wiki hii

Fanyeni mazoezi. Mwambie, “Mimi ni rafiki yako, nakupa kuberi, utanijibuje?” Mwache atafute maneno yake: “Mimi situmii, twende tukacheze mpira.” Rudieni mpaka yamtoke bila kigugumizi.

Mpe ruhusa ya kukusingizia. Akisema, “Mama yangu ananinusa kila nikirudi,” ameokoka bila kuaibika.

Mwahidi kuwa akikupigia simu usiku akiwa mahali pabaya, utamfuata kwanza. Maswali yatasubiri asubuhi.

Wajue marafiki zake kwa majina, na wakaribishe nyumbani.

Stadi hizi hazitoshi peke yake. Kijana mwenye sonona, anayenyanyaswa au anayepigwa nyumbani anaweza kutumia dawa ili apunguze maumivu, na huyo anahitaji maumivu yake yatibiwe. Ukiona amebadilisha marafiki ghafla, analala mchana, pesa zinapotea au ameacha alichokipenda, usikimbilie fimbo. Mambo hayo yanaweza kuwa na sababu nyingine, hivyo kaa naye umsikilize. Kisha mpeleke hospitali yenye huduma ya afya ya akili, au piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto. Hata waliozama kwenye heroini wana tiba: Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, na baadaye huduma ikafika mikoa mingine.

Leo jioni, kabla ya kumwonya tena, muulize swali moja: “Wakikupa, utasemaje?” Akikosa jibu, msaidie kulitafuta.