ANAYEMTUNZA MZEE KIJIJINI NAYE ANAFANYA KAZI



Siku ya malipo ikifika, kila mmoja wetu anasema neno moja: "Nimetuma kitu kidogo kwa mama." Ni neno zuri, wala hatulilaumu. Lakini leo tuulizane jambo ambalo watu hawapendi kuulizwa. Hicho kitu kidogo kikifika Kasongo, au kikiendelea mpaka Kabambare, kinapokelewa na mkono wa nani? Asubuhi ile nani alimtekea mama maji? Nani alimtwangia mpunga? Nani aliamka usiku aliposhikwa na kikohozi?

Mara nyingi jibu ni hili: msichana. Ni mjukuu wa miaka kumi au kumi na miwili, aliyetolewa shuleni "akae na bibi yake." Au ni mke wa ndugu yetu aliyebaki, mwenye watoto wake na shamba lake, ambaye hakuna aliyemwuliza kama anaweza. Watu hao hawaandikwi popote wala hawapati hata franga moja. Kisha mzee anapokufa, sisi tunashuka na sanda na sanduku, tunawakalisha chini tukiwauliza: "Mlimtunza namna gani?"

Maoni yangu ni mafupi. Anayebaki na mzee anafanya kazi, na kazi ina malipo. Tukikubali jambo hili, mengine yote tutaweza kuyapanga. Tukilikataa, pesa tunazotuma zitakuwa za kutuliza mioyo yetu tu.

Mimi ni karani. Kazi yangu ni kuandika majina ya watu. Katika madaftari niliyoyashika kuna mahali pa mke na mahali pa watoto. Mahali pa mama mzazi sijapaona. Na mambo haya hayakuanza jana. Kuanzia miaka ya 1927 na 1928 Union Minière huko Katanga ilibadilisha namna yake ya kuajiri. Zamani ilichukua wanaume peke yao kwa muda mfupi. Sasa ikawapa mikataba ya miaka mitatu, ikawaruhusu kuleta wake na watoto kambini, ikawajengea nyumba, shule na hospitali. Kampani ilihesabu mwenye nguvu za leo na mtoto atakayekuwa na nguvu kesho. Yule aliyekwisha kutumia nguvu zake alibaki kijijini. Hivyo ndivyo tulivyozoea kuihesabu jamaa: mimi, mke wangu, watoto wangu. Hesabu hiyo ni ya kampani, si ya babu zetu.

Sheria ya nchi haihesabu hivyo. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 40, inasema watoto wana wajibu wa kuwasaidia wazazi wao. Kifungu cha 49 kinawapa wazee haki ya kulindwa kwa namna inayowafaa. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 nayo inawadai watoto chakula cha wazazi walio katika uhitaji. Basi kumsaidia mzazi si huruma tu. Ni deni.

Sasa nasikia wenzangu wakijibu.

Wa kwanza anasema: "Nitamleta mama mjini, mambo yaishe." Kwa mzee mmoja au wawili jambo hilo linafaa. Lakini fikirini kwanza. Mama aliyezaliwa karibu na mto Luama, anayejua kila njia ya shamba lake, ukimweka katika chumba kimoja cha kupanga, hana mtu wa kusema naye mchana kutwa, kila kitu ni cha kununua, hata maji. Na safari yenyewe? Toka Kabambare mpaka Kasongo ni zaidi ya kilometa 100 za njia ambayo masika huigeuza tope. Anayetaka reli lazima avuke Lualaba aifuate stesheni ya Samba, angoje treni ambayo siku yake haijulikani. Wazee wengi wanakataa, na wana haki ya kukataa. Mzee si mzigo wa kuhamishwa bila kuulizwa.

Wa pili anasema: "Kijiji kitamtunza, ndiyo desturi yetu." Desturi hiyo ilisimama kwa sababu watu walikuwapo. Leo vijana wako wapi? Wako Namoya na Salamabila kwenye dhahabu, wako Kalima na Kampene kwenye bati, wako Kolwezi na Lubumbashi. Tena vikundi vyenye silaha vimewafukuza watu katika vijiji vingi vya Kabambare. Watu wakikimbilia porini, mwenye miguu anakwenda, mzee anabaki ndani ya nyumba. Na tuseme wazi neno linalosemwa kwa siri: mzee asiye na mtu wa kumsimamia ndiye wa kwanza kuitwa mchawi. Mwenye mtu karibu yake, na watoto wanaojulikana kwamba wanamfuatilia, si rahisi kumgusa.

Wa tatu anasema: "Ni uzee tu, dawa yake hakuna." Hapa tunakosa sana. Mama haoni, tunasema ni uzee. Pengine ni mtoto wa jicho, ambao daktari anaweza kuuondoa kwa operesheni, mama akaona tena. Pengine ni upofu wa mtoni, unaoletwa na inzi wadogo wa penye maji yanayokwenda kasi. Dawa yake, Mectizan, hugawiwa bure vijijini. Hairudishi macho yaliyokwisha kufa, bali huwakinga wale ambao bado wanaona. Na tansio je? Dawa ya tansio humezwa kila siku. Ukituma pesa ya mwezi mmoja, kisha ukanyamaza miezi mitatu, hukumtibu mtu.

Wala tusiseme kwamba kwetu hakuna waganga. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 waganga wa chuo cha magonjwa ya nchi za joto cha Antwerp walifanya kazi Kasongo pamoja na Wakongomani. Waliweka vituo vya afya karibu na watu, na hospitali moja ya kuwapokea wagonjwa wazito. Kazi ile ilijulikana mbali, na baadaye nchi nzima ikagawanywa katika zoni za afya. Leo Kasongo, Kunda, Samba, Kabambare, Lusangi na Salamabila kila moja ni zoni. Dawa hukosekana, ni kweli. Lakini mara nyingi kinachokosekana kwanza ni mtu wa kumfikisha mzee kituoni, na pesa ya pikipiki.

Basi tufanye nini? Nasema mambo matano, yote ya kuwezekana.

Kwanza, watoto wote wa mzee wafanye kikao, kwa simu au uso kwa uso, na mzee mwenyewe aulizwe anataka kukaa na nani. Yule anayemtunza asemeshwe mapema, asingoje wakubwa wamalize. Yeye ndiye anayejua sabuni inakwisha siku ya ngapi.

Pili, mtunzaji awe mtu mzima na apewe malipo yake kila mwezi, mbali na pesa ya chakula cha mzee. Kiasi gani? Tusiende chini ya kile tunachompa mtu anayetufulia nguo hapa mjini. Ndugu asiye na mshahara atoe mpunga, au mawese, au aje kuezeka nyumba na kulima shamba la mtunzaji siku kadhaa. Kila mtoto ana kitu cha kutoa. Aliyesoma na asiyesoma wote walinyonya ziwa moja.

Tatu, liwepo daftari. Franga ngapi zimefika, tarehe gani, zimenunua nini. Lisomwe mbele ya mashahidi wawili wasio wa ukoo: jirani mzee, na katekista au imamu. Siandiki hivi kwa sababu ninawashuku ndugu zetu. Daftari humlinda mtunzaji kuliko mtu yeyote, kwa maana yeye ndiye anayesingiziwa wizi kila sabuni ikipotea. Palipo na simu, pesa ipite kwa M-Pesa au Airtel Money. Pasipo na simu, ipite kwa mfanyabiashara wa mpunga anayejulikana, naye atie sahihi.

Nne, wenyeji wa sektere moja wanaofanya kazi mji mmoja waungane. Likelemba tunaijua sote. Tunaichanga kwa arusi, kwa bati za nyumba, na zaidi kwa kilio. Kwa nini tungoje kilio? Watu ishirini wakitoa kidogo kila mwezi, wanaweza kumlipia mzee pikipiki ya kwenda hospitali siku ile ile anapougua, hata kama mtoto wake hajalipwa. Tena waombe mganga wa kituo apite kuwaona wazee wote wa kijiji siku moja kwa mwezi, wamlipie mafuta.

Tano, kila jamaa ipange mbele ya hatari. Watu wakikimbia, nani atambeba mzee? Vijana wanne wa kipoyi watajwe kwa majina tangu sasa, wakati wa amani. Siku ya risasi si siku ya kufanya kikao.

Na serikali je? Hatuiachilii. Pensheni ya CNSS ni ya mtu ambaye mwajiri alimlipia mchango. Mama aliyelima mpunga miaka hamsini akalisha soko la Kasongo hayumo. Hata waliokuwa kazini hawakupona wote. SOMINKI, iliyoanzishwa mwaka 1976 kwa kuunganisha kampani za bati, ilivunjwa mwaka 1997, na wafanyakazi wake wa zamani wamedai haki zao kwa miaka mingi. Lakini ndugu zetu wa mashariki wameonyesha kwamba njia iko. Zanzibar ilianza mwezi wa Aprili 2016 kumpa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alikuwa karani au mvuvi. Kenya ilifuata mwaka 2018, ikawapa wazee wa umri huo shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Nchi yetu inatoa dhahabu, bati, shaba na kobalti. Haifai kusema ni maskini kuliko kisiwa cha karafuu. Tuwaulize wabunge wetu wa Kasongo na Kabambare neno hili, na tuwaulize kabla ya kura, si baada yake.

Lakini tusikae tukingoja jibu lao. Mzee wa miaka themanini hana muda wa kungoja sheria.

Ndugu, shule za msingi za serikali zilitangazwa kuwa bila malipo mwaka 2019. Basi msichana yule anayekaa na bibi hana tena kizuizi cha ada kwa kukosa darasa. Kizuizi ni sisi, tuliompa kazi ya mtu mzima bila mshahara. Mwaka wa shule huanza Septemba. Kabla ya siku hiyo, kila mmoja wetu apige simu nyumbani, atafute mtu mzima wa kumtunza mzee, apatane naye malipo, na mtoto arudi kwenye benchi lake. Bibi yake atafurahi kumwona jioni akirudi na daftari mkononi.

Karani wa mgodi, mwenyeji wa Kasongo