UFUNDI WA NYUMBANI: Koki ya Jiko la Gesi Ikikwama



Umeuza ufuta wako, ukanunua jiko la gesi la mafiga mawili. Umefanya vizuri. Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia. Lengo ni kwamba ifikapo mwaka 2034, watu 80 katika kila watu 100 watumie nishati hiyo.

Sasa tuseme uko jikoni kwako hapa Chitete. Uji unafurika. Unataka kupunguza moto, lakini koki haizunguki. Utafanya nini? Wengine huchukua koleo na kulazimisha. Wengine humwagia mafuta ya taa. Yote mawili ni makosa. Nyumba inaweza kuungua.

Kwa nini koki hukwama?

Ndani ya koki mna kipande cha shaba kinachozunguka. Kimepakwa grisi. Grisi hiyo hulainisha, tena huzuia gesi isipenye. Uji, sukari na mafuta yakiingia humo, hukauka yakawa kama gundi. Grisi nayo hukaushwa na joto.

Fanya hivi:

1. Funga gesi kwenye mtungi. Moto utazimika wenyewe. Ngoja jiko lipoe.

2. Fungua mlango na madirisha. Zima kuni, koroboi na sigara.

3. Vuta kishikio cha koki kwa mkono, kimenyooka. Katika majiko mengi hutoka bila bisibisi.

4. Futa uchafu kwa kitambaa chenye maji kidogo ya sabuni. Usimwage maji. Kausha.

5. Rudisha kishikio. Gesi ikiwa bado imefungwa, bonyeza kishikio, kisha zungusha polepole. Koki nyingi hazizunguki mpaka zibonyezwe.

6. Ikilegea, ifunge. Sasa fungua gesi ya mtungi. Paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira na kwenye koki. Ukiona mapovu yanavimba, gesi inavuja. Funga mtungi mara moja. Usipime kwa kiberiti kamwe!

Je, koki bado ni ngumu? Acha. Mwite fundi wa majiko ya gesi. Yeye ana grisi maalumu inayostahimili joto. Mafuta ya kupikia huganda. Mafuta ya taa huondoa grisi, na gesi ikavuja. Koleo huvunja shaba.

Kama jiko lako ni lile dogo linalofungwa juu ya mtungi, usilifungue koki yake. Lipeleke kwa muuzaji wa gesi.

Kumbuka jambo hili. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu kama moshi. Hushuka sakafuni, ikajaa kimya kimya. Ndiyo maana imetiwa harufu kali ili ikuonye. Ndani ya mashua, kama zile za Ziwa Rukwa, hatari ni kubwa zaidi. Gesi hutuama chini ya mashua kama maji, wala haina pa kutokea. Cheche moja inatosha.

Ukisikia harufu hiyo usiku, usiwashe taa wala kiberiti. Funga mtungi, fungua mlango, toa watoto nje.

Ukimaliza kusoma, msomee jirani yako ambaye hajajua kusoma. Jiko lake liko karibu na nyumba yako.