Nishani Haitolewi kwa Huruma

Mwaka 1907 Baden-Powell aliweka kambi ya kwanza ya skauti katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, akiwa na wavulana wapatao 20. Katika skauti nishani ya juu haiombwi. Hupatikana kwa jasho. Kijana mwenye ulemavu naye hahitaji kuhurumiwa, bali kupewa nafasi ya kuistahili.

Zanzibar ilitunga sheria ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2006, na Bunge la Muungano likafuata mwaka 2010. Lakini sheria peke yake haimfikishi kambini kijana wa Mwimbi, mkoani Rukwa, wala wa visiwani. Viongozi hawana budi kutenda: asiyeweza kutembea apatiwe usafiri, asiyesikia apatiwe mkalimani wa lugha ya alama. Mtihani usilegezwe, kizuizi ndicho kiondolewe.