Mtindo wa Chumba Uanzie Darini

BONDE NA WATU WAKE
Safu ya kila wiki ya Mwanabonde

Upambaji wa ndani ya nyumba, yaani utaalamu wa kupanga chumba kwa kuzingatia rangi, samani, mwanga, hewa na nafasi ya watu kupita, umekuwa shughuli ya kila siku mjini Ifakara, katika Bonde la Kilombero, ambako anayejenga humfuata fundi akiwa na picha kwenye simu, akamwonyesha dari la jipsamu lenye taa zilizofichwa, sakafu ya marumaru inayong'aa na makochi yaliyozunguka kona. Hamu hiyo ya kuishi mahali pazuri inastahili heshima, kwa kuwa familia nyingi za bondeni zimeifikia nyumba ya tofali za kuchoma na bati baada ya miaka mingi ya kulima mpunga na miwa. Hata hivyo, picha zile zilipigwa kwingine, na safu hii inashikilia kwamba mtindo wa chumba cha Kilombero hauna budi kuanza na mambo matatu ambayo picha haiyaonyeshi, nayo ni joto, maji na mbu.

Kila mtindo uliopata jina ulizaliwa kwa kuyajibu masharti ya mahali fulani. Nyumba kongwe za mawe za Lamu, zilizojengwa kwa matumbawe na chokaa, zina vyumba virefu na vyembamba kwa sababu dari zao zilibebwa na boriti, yaani miti ya mikoko, ambayo kwa kawaida haiwezi kuvuka upana unaozidi mita 3 hivi bila kupinda. Chumba cha ndani kabisa kilipambwa kwa zidaka, ambazo ni safu za vishubaka vya chokaa vilivyonakshiwa ukutani na kuwekwa vyombo vya kauri, na vivuli vya vishubaka hivyo viliufanya ukuta uliokaribu uonekane uko mbali zaidi. Uzuri huo ulitokana na urefu wa mti. Anayeagiza zidaka za jipsamu leo katika chumba kipana cha Ifakara huchukua sura ya jibu na kuliacha swali.

Ndivyo ilivyo kwa mtindo unaoitwa wa Skandinavia, wenye kuta nyeupe, mbao za rangi hafifu na madirisha mapana, ambao ulikomaa katika nchi zenye majira marefu ya baridi na mchana mfupi, ambako kila ukuta ulitakiwa kuurudisha mwanga chumbani. Ifakara, iliyo kwenye mwinuko usiofikia mita 300 kutoka usawa wa bahari, chini ya Milima ya Udzungwa, ina mwanga wa kutosha, na kioo kipana kisicho na kivuli huko huingiza joto ambalo feni haiwezi kulitoa. Kwa kweli bonde hili, ambalo nalo hutandika mikeka, lina undugu zaidi na Japani, ambako sakafu ya asili ni mikeka minene ya tatami na ukubwa wa chumba hutajwa kwa idadi ya mikeka inayoenea ndani yake, kuliko na Uswidi.

Sebule ya kawaida ya mjini Ifakara inafuata mtindo ambao unaweza kuitwa wa fahari, yaani upambaji unaokusudia kwanza jicho la mgeni. Ndani yake mna makochi makubwa yaliyofunikwa migongoni kwa vitambaa vya kroshia vilivyofumwa na mama mwenye nyumba, kabati la vyombo lenye milango ya kioo ambamo glasi za sikukuu zimepangwa kwa ukubwa, kapeti, runinga, na mapazia ya tabaka mbili yanayogusa sakafu. Kumpa mgeni mahali bora ni adabu njema, na hakuna sababu ya kuidharau. Tatizo liko nyuma ya mlango wa pili, katika chumba ambamo watoto hulala, kwa maana humo mara nyingi hamna dari, kenchi na bati vinaonekana moja kwa moja kutoka kitandani, nguo zimetundikwa kwenye kamba ya pembeni, magunia ya mpunga yameegemezwa ukutani, na kati ya kichwa cha ukuta na bati umeachwa uwazi wa kupitisha hewa unaotosha kuingiza mkono.

Uwazi huo wa chini ya paa ndio mlango mkuu wa mbu. Ifakara ina bahati ya kuwa na wataalamu wanaolijua jambo hili kuliko karibu mahali pengine popote Afrika, kwa kuwa maabara iliyoanzishwa na Waswisi katika miaka ya 1950 ilikua hadi kuwa Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo watafiti wake wamewafuatilia mbu wa bonde hili usiku hadi usiku. Wameonyesha kwamba Anopheles funestus, aina ya mbu anayependa kuuma na kupumzika ndani ya nyumba, ndiye anayebeba sehemu kubwa ya maambukizi ya malaria katika vijiji vya bondeni, na utafiti wao uliochapishwa mwaka 2020 ulieleza kuwa mbu hao hawatui kutani na chini ya paa tu, wanatua pia kwenye samani, vyombo na nguo. Kwa maneno mengine, mpangilio wa chumba, ambao wengi huuhesabu kuwa suala la ladha, umeingia katika elimu ya malaria. Kabati lenye mlango unaofungwa vizuri, linalochukua nafasi ya kamba ya nguo, ni pambo na ni kinga kwa pamoja.

Dari lina uzito mkubwa zaidi. Huko Gambia, jaribio lililochapishwa mwaka 2009 lilizilinganisha nyumba zilizowekewa wavu kwenye milango na madirisha na kuzibwa uwazi wa chini ya paa, nyumba zilizowekewa dari la wavu peke yake, na nyumba zilizoachwa kama zilivyokuwa; dari la wavu peke yake lilipunguza mbu wanaoingia kwa karibu nusu, na upungufu wa damu kwa watoto ulishuka katika makundi yote mawili yaliyowekewa nyavu. Dari la namna hiyo, yaani wavu uliokazwa kwenye fremu ya mbao chini ya kenchi, huiacha hewa ya moto ipande na kutoka huku likimzuia mbu, jambo ambalo jipsamu iliyozibwa haiwezi kulifanya bila madirisha mazuri. Nayo madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, yanayosifiwa sana sasa, hufunguka nusu tu ya upana wake, na pazia zito likishushwa mbele yake chumba huwa cha moto kiasi kwamba aliyelala huisukuma neti pembeni usiku wa manane. Pazia jepesi la pamba, lililo juu ya wavu uliobana fremu yote, lingemfaa zaidi.

Kuhusu maji, Mto Lumemo umekwisha kuingia katika makazi ya mji huu, na samani zinazoletwa zikiwa za unga wa mbao ulioshindiliwa huvimba miguu na kubanduka ngozi zikilowa mara moja. Kabati la mtiki au mninga likilowa hukaushwa, na mtiki unapandwa humu humu bondeni tangu miaka ya 1990. Mkeka wa ukindu au wa milala hukunjwa na kuinuliwa juu ya kenchi maji yanapokaribia, kisha huanikwa juani, wakati kapeti huhifadhi unyevu na harufu kwa wiki nyingi. Hata dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa ambamo wakulima hulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe, lina fundisho kwa wasanifu, kwani majaribio ya Gambia yameonyesha kuwa mbu wa malaria hupungua sana kadiri chumba kinavyoinuliwa kutoka ardhini, na baadhi ya nyumba za majaribio za kijiji cha Magoda, wilayani Muheza, zilitumia njia hiyo kwa kuviweka vyumba vya kulala ghorofani.

Miezi ya mavuno ya mpunga ndiyo miezi ambayo fedha huingia nyumbani na mafundi huitwa. Kila familia itakayomwita fundi mwaka huu inaombwa imtake aandike gharama za dari na nyavu za vyumba vya watoto kwenye karatasi ya kwanza, na gharama za makochi kwenye karatasi ya pili. Halmashauri ya Mji wa Ifakara nayo inaombwa isiupitishe mchoro wa nyumba ya kuishi ambao hauonyeshi jinsi uwazi wa chini ya paa utakavyowekewa wavu.